Chakula cha Mchana Rossadara

Al Warqa, Dubai
12 Januari 2025

Wifi yangu Mwatima,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, na mama hajambo, na mwanangu Rumaisa anakusikiliza. Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imeniingia magotini. Mwambie mama ile dawa ya kuchua aliyoitaka nimeipata, Famau atamletea pamoja na barua hii. Rumaisa mwambie ripoti yake nimeiona, na ile alama ya hesabu tutaizungumza mimi na yeye.

Nimeandika kwa mkono kama kawaida yetu, maana simu ya hapo nyumbani ujumbe mmoja husikilizwa na watu watano kabla haujakufikia wewe, na haya ninayotaka kusema ni yako peke yako.

Yule bibi ninayemtunza, Madam Nuala, tangu Desemba ana neno moja tu mdomoni: kwao. Kwao ni Ireland. Aliondoka msichana wa miaka ishirini na mmoja, sasa ana themanini na mbili. Mwanawe, Sir, alitaka kumpeleka kwa jamaa zao, bibi akakataa. Amepata kampuni inayotembeza wageni: watu wanane tu, basi dogo, kiongozi mmoja, siku tisa wakizunguka mashambani kutazama magofu, misalaba ya mawe na makaburi ya Waselti, ndio watu wa kale wa nchi ile. Akaniambia, "Sitaki kukaa kwa ndugu wanihesabie mikunjo. Nataka nionyeshwe nchi yangu kama mgeni, na wewe utanishika mkono." Nikadhani ni maneno ya uzee. Wiki jana Sir amechukua pasipoti yangu kwenda kuniombea viza. Tutaondoka mwezi wa Mei. Mimi Swafiya wa Kisauni!

La pili ni zito zaidi, nimelizunguka mpaka kalamu imechoka. Kuna mtu anaitwa Shomari, ni wa Tanga, mlinzi katika jengo moja la Marina. Nimemjua mwaka na nusu. Ni mtu wa sala, mpole, hana mengi. Ameniposa. Anataka tufunge ndoa baada ya Idd ya kuchinja.

Kaka yako Nassir, Mungu amrehemu, ametimiza miaka minane tangu alipopotea kwenye meli. Nilikaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, katika chumba chako, na siku ya kutoka wewe ndiwe uliyenimwagia maji. Sidhani nimemvunjia heshima. Lakini sitamjibu Shomari kabla sijasikia kauli yako na ya mama. Ninyi ndio watu wa Nassir. Mkiridhika, nami nimeridhika.

Nijibu kwa mkono wa Famau. Anakuja huko Mombasa kila mwezi na mizigo yake ya nguo, wala habari za watu hazifungui.

Wifi yako akupendaye,
Swafiya

*

Kisauni, Mombasa
23 Februari 2025

Kwa wifi yangu Swafiya,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nisamehe, Famau alipita safari ile nikiwa sijaandika, ikabidi angoje mpaka hii. Nyumba ilikuwa na wageni, halafu mama akapanda presha, halafu bomba likapasuka. Sasa Alhamdulillah. Dawa imefika na mama anachuliwa kila jioni, anasema ina harufu ya hospitali lakini inafaa. Rumaisa amerefuka, gauni la Idd iliyopita limegoma. Sasa Alhamisi baada ya Magharibi husoma Yasini yote bila kutazama msahafu. Ungemsikia ungelia.

Habari ya huyo Shomari nimeisoma. Mambo ya ndoa hayaamuliwi kwa karatasi, tutazungumza ukija likizo. Mama sijamwambia, kwa ajili ya presha. Wewe usiwe na haraka. Mtu akikutaka kweli atangoja.

Hiyo safari ndiyo inayonikosesha raha. Swafiya, huko unaenda kufanya nini? Kutazama makaburi ya makafiri? Baridi ya huko si ya binadamu, na wewe na magoti yako. Mwambie Sir atafute muuguzi wa kizungu. Na ikiwa huna budi, basi chunga chakula, nguruwe humtia katika kila kitu. Hapo Rossadara wanapowashusha wageni kula mchana usishuke kabisa, kaa ndani ya basi na mkate wako.

Ramadhani njema. Mama anakupa salamu.

Wifi yako,
Mwatima

*

Al Warqa
9 Machi 2025

Wifi Mwatima,

Assalaam alaykum. Ramadhani karim. Poleni na presha ya mama, na poleni na bomba. Hapa tunafunga vizuri. Madam Nuala hafungi lakini hukataa kula mbele yangu, naye mwenyewe ndiye anayenipigia kelele nisichelewe kufuturu. Mwambie Rumaisa gauni nimelinunua Deira, la rangi ya zambarau, Famau analo.

Viza imetoka. Sir amenichapia ratiba juzi, ndiyo mara ya kwanza kuiona. Nimeisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Siku ya sita imeandikwa: Rossadara, magofu ya watawa kando ya bahari, chakula cha mchana.

Nimerudi kwenye barua niliyokuandikia, maana huwa nabakisha nakala. Niliandika Ireland tu. Sikutaja mji. Nisingeweza kuutaja, nilikuwa siujui.

Wifi, jina la Rossadara umelipata wapi?

Na la Shomari hukulijibu. Nimekuuliza kama mmeridhika, wewe umenijibu nisiwe na haraka. Ni miaka minane.

Swafiya

*

Kisauni
6 Aprili 2025

Mpenzi wifi yangu,

Idd mubarak, kila mwaka tuwe wazima. Huku Idd ilikuwa nzuri mno. Rumaisa na gauni lake la zambarau alipita nyumba kwa nyumba, kila mtu anauliza mamake amelipata wapi. Tulipika biriani ya mbuzi, mama akala sahani mbili, daktari asisikie. Jirani yetu Peninah alituletea keki, naye tukamfungia sambusa. Mvua haijaanza. Yule paka wa Rumaisa amezaa chini ya kitanda changu, wanne.

Hilo uliloniuliza, nadhani niliona kwenye televisheni. Siku hizi wanaonyesha nchi zote. Usilifanye kuwa jambo.

Swafiya, mdogo wangu, mimi sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba viwili. Usiende huko. Na usifunge ndoa na huyo mtu, hata nikaha ya watu watatu, mpaka tuonane uso kwa uso. Usiniulize kwa nini. Nisikilize tu kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani.

Mwatima

*

Al Warqa
1 Juni 2025

Mwatima,

Assalaam alaykum. Natumai mama hajambo. Rumaisa nimezungumza naye jana kwenye simu, hajambo. Sikumwambia kitu.

Nilikwenda.

Nitakueleza kwa taratibu, maana barua hii nimeianza na kuichana wiki mbili nzima.

Tulikuwa wanane: mume na mke wa Canada, mume na mke Wajerumani, dada wawili wa Australia, Madam na mimi. Kiongozi wetu Fergus ni mwalimu wa historia aliyestaafu. Kila akisimamisha basi alikuwa akimngoja Madam ashuke kwanza, ndipo aanze kusema. Nchi ni ya kijani mpaka inachosha macho, na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, zinapanda milima na kushuka. Tuliona mawe marefu yamesimama duara shambani, ng'ombe wanajikuna humo. Tuliona jiwe limechongwa mikato mikato pembeni, Fergus akasema yale ndiyo maandishi yao ya zamani, na lile ni jina la mtu. Tukaenda kwenye kisima kitakatifu chini ya mti uliojaa vitambaa. Kila mwenye shida hufunga chake. Nikamwambia Madam, hata kwetu kuna mizimu yenye vitambaa hivi hivi. Akacheka, akasema basi sisi sote ni washenzi wamoja. Nilikuwa na raha, Mwatima. Nakuambia ili ujue nilikuwa na raha.

Siku ya sita tulifika Rossadara. Ni kijiji kimoja, gati moja, magofu ya watawa juu ya mwamba. Hapo gatini pana ukuta wa ukumbusho wenye majina ya watu waliopotea baharini. Wenzangu walipanda magofuni na Fergus. Mimi nilibaki chini na Madam, nikayasoma majina yote, moja moja, mpaka la mwisho. Usiniulize nilikuwa nikitafuta nini. Ile meli ya Nassir iling'oa nanga katika bandari ya nchi ile. Asubuhi yake hawakumwona, koti lake likaokotwa sitahani, na nahodha akaandika kuwa ameanguka baharini usiku. Barua yake ile ndiyo aliyoipokea Kadhi akahukumu kuwa amekufa. Nikawaza labda wewe ulipata habari kwamba maiti yake iliokotwa Rossadara ukanificha nisiumie. Hayo ndiyo mabaya niliyoweza kukudhania.

Tukaingia kula. Ni mgahawa mdogo, meza saba. Mlango wa jikoni ukafunguliwa akatoka mpishi na bakuli mbili za supu ya samaki.

Amenenepa. Ndevu zimeingia mvi. Lakini mtu aliyekulalia mkononi humtambui kwa sura, humtambua anavyotembea. Akaniona. Zile bakuli akaziweka kwenye meza ya Wajerumani ambao hawakuagiza supu.

Madam akaniuliza, "Nani huyu?"

Nikasema, "Ni mume wangu. Alikufa."

Yule bibi hakuuliza tena. Aliinua fimbo yake akamwambia Fergus, "Basi litangoja." Na lilingoja, Mwatima. Wageni saba waliolipia safari yao walikaa mezani kutungoja, mimi na kaka yako tukatoka nje tukasimama upepo unatupiga.

Akaanza, "Swafiya, nisikilize kwanza."

Nikamwambia, "Nani mwingine anajua?"

Akatazama chini. Akasema, "Mwatima."

"Tangu lini?"

"Nilimpigia mwezi wa tatu tangu niiache meli. Sikuanguka, nilishuka kabla haijaondoka. Nilikuwa sina karatasi, Swafiya, na mtu akishadhaniwa amekufa hatafutwi. Mwatima akaniambia uko ndani, unakaa eda. Nikamwambia asiseme kwanza, mpaka nitengenekewe."

"Umetengenekewa?"

Akageuka kutazama mgahawa. Mwenye mgahawa, mwanamke mmoja mweupe aitwaye Una, alikuwa ametusimamia dirishani anafuta kikombe kile kile. Ndiye mkewe. Nikamuuliza Nassir kama huyo mkewe anajua habari zangu, akasema anajua kuwa alikuwa na mke zamani. Zamani!

Angeoa mke wa pili ningeumia, nikalia, nikanyamaza kama wanavyonyamaza wengine. Lakini kunifanya mjane wa mtu anayekaanga samaki! Akasema alikusudia kuniita siku moja. Nikamwambia marehemu hawaiti watu. Hapo ndipo alipolia. Mimi sikulia.

Sikumwomba ila kitu kimoja, talaka. Akaitamka pale pale, talaka moja, na nikamwandikisha nyuma ya ratiba ya safari, tarehe na jina lake kamili. Hakuuliza habari za Rumaisa mpaka nilipompa mgongo. Akasema, "Na mtoto?" Nikamwambia, "Anakusomea Yasini."

Sasa wewe. Mwezi wa tatu nilikuwa na mwezi mmoja na siku kumi zimebaki. Ulikuwa ukiingia chumbani asubuhi unanisuka nywele. Ulinishika mabega nilipoota anaita. Ukaniambia, "Lia tu, wifi, machozi ya mfiwa yana thawabu." Ulikuwa umeshazungumza naye jana yake, au juzi yake?

Nitakachokutaka ni hiki. Mwambie mama mwenyewe, kwa kinywa chako. Mwambie na Rumaisa. Nakupa mpaka safari ijayo ya Famau. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi, na mimi sitachagua maneno.

Swafiya

*

Kisauni
29 Juni 2025

Swafiya,

Assalaam alaykum. Sijui nikuulize hali kwa uso gani, lakini nakuuliza. Mama yuko.

Nimewaambia.

Mama nilimwambia baada ya sala ya Alasiri. Alianguka kusujudu kwanza, akamshukuru Mungu kwa mwanawe, mpaka nikadhani hakusikia yaliyobaki. Kisha aliinuka akaniuliza, "Miaka minane ulikuwa ukinitazama?" Tangu siku hiyo hasemi nami. Chakula anaweka Peninah, nikiweka mimi hakiguswi.

Rumaisa alikuwa akikunja nguo. Nikamwambia babako yuko hai, yuko Ulaya, ni mzima. Hakulia. Aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha, kisha akauliza, "Basi zile Yasini zangu zote, shangazi, zilikuwa zikienda wapi?" Nikamwambia Mungu hapotezi. Akasema, "Sikuulizi Mungu, nakuuliza wewe ulikuwa ukinisikiliza ukisema nini moyoni." Ana miaka kumi na mmoja.

Umeniuliza jana yake au juzi yake. Ilikuwa asubuhi ile ile. Alipiga simu nikiwa sokoni, nikaketi kwenye gunia la viazi vya watu. Nikarudi nyumbani nimeshajiapia kukwambia. Nikaingia chumbani nikakukuta umelala, Rumaisa amelala kifuani pako, na watu walikuwa wameshazoea, matanga yameisha, mama ameanza kula. Nikasema kesho. Ile kesho ndiyo hii.

Naweza kusema nilimtii kaka yangu, na wewe utaniamini nusu. Nusu nyingine sijawahi kuisema hata kwa Mungu. Wewe wajua mimi nimeolewa mara mbili nikarudishwa mara mbili kwa sababu sizai. Nilijua ukisikia yuko hai utadai talaka yako, utatoka nyumba hii, na utatoka na Rumaisa. Ukiwa mjane wa kaka yangu utakaa. Na ulikaa. Ulipokwenda Dubai ukamwacha kwangu, nilikufikisha uwanja wa ndege nikarudi naye mkono kwa mkono, na Mungu anisamehe, siku hiyo nilifurahi. Mwaka ule wa kwanza alikuwa akinikosea jina, ananiita mama. Sikumsahihisha.

Niliposikia habari ya Shomari ndipo nilipoona nimefanya nini. Niliogopa utaolewa na hali una mume. Nikashindwa kukuzuia na nikashindwa kukwambia, nikakuandikia habari za nguruwe, na jina la Rossadara likaniponyoka, maana Nassir aliniambia ndipo mabasi ya wageni hushushia watu kula.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba usimchukue Rumaisa kwa haraka. Hata ukimchukua, iwe polepole.

Mwatima

*

Al Warqa
20 Julai 2025

Mwatima,

Rumaisa atahamia kwa dada yangu Joha, Malindi. Joha mwenyewe atakuja kumchukua Jumamosi tarehe 2 Agosti, asubuhi. Mfungie nguo, vitabu na msahafu wake, na huyo paka akimtaka ampeleke. Umeniomba iwe polepole. Mtoto nimemuuliza kwenye simu, na yeye ndiye aliyechagua siku. Akisema anataka kukuona shule zikifungwa, hatazuiwa. Sitamfundisha kukuchukia, wala sitamfundisha kukuamini. Hayo atayaamua mwenyewe. Namba ya babake ninayo. Siku atakayotaka kumpigia nitakuwa naye kwenye simu hiyo hiyo.

Mama mwambie nitampigia Ijumaa. Yeye bado ni mama kwangu, talaka haikumfikia.

Mimi nakaa eda, ya pili kwa mtu yule yule. Twahara mbili za baada ya hedhi zimepita, imebaki moja. Si eda ya mfiwa, kwa hivyo navaa nguo zangu, nafanya kazi zangu, wala hakuna ajuaye ila Madam Nuala. Nilimweleza maana ya eda, akasema kwao wanawake hupewa wakili. Tangu safari ile ananifungia mlango saa ya sala ili Sir asiniite.

Shomari nimemwambia. Sikutaka ayasikie kwa watu wa Tanga, habari hapa hupita haraka kuliko metro. Nilimfuata anakoishi, International City, siku yangu ya mapumziko, tukakaa kwenye kibaraza cha mkahawa chini ya jengo lao, nikamwonyesha ile karatasi ya talaka. Aliisoma upande wote wa pili pia, yale majina ya magofu na saa za kuondoka. Akasema, "Khalas, yamekwisha. Tutangoja eda iishe." Nilidhani amemaliza. Chai ilipofika akaikoroga sukari yake, akaniuliza swali moja ambalo ni wewe tu wa kulijibu, ndiyo sababu nakuandikia.

Aliuliza kama nisingekwenda Ireland, na ndoa ikafungwa baada ya Idd kama alivyotaka, huyo wifi yangu angekuja harusini?

Ungekuja, Mwatima? Ungekaa mbele na wanawake wenzako, ukaniona naolewa nikiwa mke wa kaka yako, ukapiga vigelegele?

Nijibu hilo tu.

Swafiya